Siku Kigoda cha Mzee Magesa Kilipoogeshwa

Sabuni iliporudi madukani, wanawake wa Musoma walipata wazimu wa namna yake. Ulikuwa mwaka wa themanini na tano. Kwa karibu miaka mitatu watu walikuwa wamefua kwa majivu na majani ya mpapai, wakipanga foleni tangu alfajiri kwa kipande cha sabuni kisichozidi kiberiti. Sasa maduka yalianza kuuzia mlango wa mbele badala ya ule wa nyuma, na kwa Salum, karibu na soko, miche ya sabuni ilipangwa kwenye kaunta kama matofali. Kuna mama mmoja wa Kigera alifua mapazia yake mara tatu kwa wiki mpaka yakafaa kuchujia togwa.

Dafroza hakuwa na wazimu. Dafroza alikuwa na diploma.

Alifundisha maarifa ya nyumbani katika chuo kimoja cha akina mama pale mjini, na nyumba yake ya Makoko ilijulikana: hakuna kiti kilichocheza, hakuna droo iliyokwama, hakuna meza yenye duara jeupe la kikombe cha moto. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mbao ni kama wagonjwa, huwezi kuwapa wote dawa moja. Meza ya msonobari isiyopakwa kitu husuguliwa kwa limau na mchanga laini, kwa kufuata nyuzi za mti, si kuzikata. Kabati la mninga halioni maji. Lipewe kitambaa kikavu, kisha tone la mafuta ya pamba, na tone si kikombe. Viti vya mvule huvumilia kitambaa chenye unyevu, mradi vikaushwe hapohapo kabla gundi ya maungio haijalainika. Kitanda cha kamba kimwagiwe maji yanayochemka, na mwenye kunguni asione haya, aone kunguni.

"Kabla hujagusa mbao," alikuwa akiwaambia, "iulize kwanza imepakwa nini."

Kanuni nzuri. Ni yeye mwenyewe aliyekuja kuivunja, tena nyumbani kwa baba mkwe wake.

Binti yake mkubwa, Hyasinta, alikuwa amepata mchumba, Pastory, kijana wa Kiabakari aliyefanya kazi ya ufundi melini, huko Mwanza. Hyasinta alikuwa amekwisha kuwakataa wawili. Pastory alikuwa wa kwanza kumchekesha, na wa kwanza kuja nyumbani Makoko bila kumwogopa mama mtu. Wazee wa Pastory wangekuja kuposa Jumamosi, Butiama, kwenye mji wa Mzee Magesa, babu wa binti, kama inavyostahili. Dafroza akaomba ruhusa chuoni, akatangulia Jumanne na miche sita ya sabuni kwenye kikapu.

Mzee Magesa hakuwepo. Alikuwa ameenda Bunda kumwita dada yake, arudi Alhamisi. Jumatano asubuhi wifi yake Dafroza, Marcelina, aliyekuwa akimtunza mzee, akaenda shamba kuchimba mihogo. Dafroza akabaki na nyumba nzima, maji ya kutosha na mikono iliyokuwa ikiwasha kwa hamu.

Alianza na meza, akaja viti, akaja rafu ya vyombo. Saa nne akawa amefika kwenye kona ya sebule, mbele ya kigoda cha mzee.

Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, kilichochongwa katika gogo moja, cheusi kama sufuria ya msibani. Dafroza alikuwa ameolewa katika ukoo ule miaka ishirini na hajawahi kukigusa. Mkamwana hakalii kiti cha baba mkwe, hilo kila mtu anajua. Lakini hakuna aliyesema mkamwana asikioshe. Akainama akakinusa. Tumbaku, samli iliyochacha, moshi, na harufu nyingine ambayo katika darasa lake ingeitwa kwa jina lake. Akakwaruza kwa ukucha. Ukucha ukarudi na kitu kama lami.

"Miaka yote hii," akasema, "na wanawake wamo humu ndani."

Akakipeleka uani. Akachemsha maji, akakata nusu mche wa sabuni, akachuma majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, akafunga kanga kiunoni. Alisugua mpaka saa sita. Maji ya kwanza yalitoka kama kahawa, ya pili kama chai, ya kumi kama chai ya wanafunzi wa bweni. Chini ya ule weusi mti ukatokea, wa manjano hafifu, safi, kama umechongwa juzi. Dafroza aliona raha ambayo hakuwa ameiona tangu siku ya kupokea cheti.

Kisha akakipindua asafishe upande wa chini, na huko akakuta maandishi yaliyochongwa kwa ncha ya kisu, yaliyokuwa yamezibwa na masizi.

KUDURA FUNDI BUNDA 1951 NA. 14.

Dafroza aliyasoma mara mbili. Halafu akakaa juu ya ndoo.

Hakuna mtoto wa ukoo ule asiyejua habari za kigoda. Kilichongwa na babu yake Mzee Magesa, katika mti uliopigwa na radi, kabla Mjerumani hajafika. Kilikaliwa na wazee waliopatanisha koo mbili zilizokuwa zikiuana. Siku ya arusi yake Dafroza mwenyewe alisimuliwa habari hiyo akiwa amepiga magoti, magoti yakauma, na hadithi haikufupishwa.

Akakigeuza upesi, miguu chini, akakiacha juani.

Marcelina alirudi na kikapu cha mihogo kichwani. Akasimama.

"Wifi, kile ni nini umeanika?"

"Kigoda cha Baba."

Marcelina akatua kikapu polepole. "Kigoda cha Baba kilikuwaga cheusi."

"Kilikuwa kichafu."

"Nani alikuambia?"

"Pua yangu."

"Pua yako ina diploma, wifi, lakini kigoda hakikusoma." Akakizunguka kama mtu anayezunguka nyoka bila kujua kama amekufa. "Ule haukuwa uchafu. Ule alikuwa Babu. Na baba yake Babu. Wote umewasugua. Maji ulimwaga wapi?"

"Kwenye migomba."

"Basi ndizi zikiiva mwaka huu tutazila kwa heshima," alisema Marcelina, akaketi chini akaanza kucheka na kulia kwa zamu. "Na Jumamosi Baba atakalia nini? Unajua yeye bila kigoda hasemagi."

Dafroza alijua. Katika mji ule neno la posa lilisemwa juu ya kigoda. Wageni walisema yao, mzee akasema yake, na wakikubaliana mwenye kigoda aliinuka na kutoa mkono. Asipoinuka, bado hamjaelewana. Asipokaa kabisa, hamjaanza. Na Mzee Wanzagi, msemaji wa akina Pastory, hakuwa mtu wa kurudi mara ya pili. Alikuwa amekwisha kutamka wazi kwamba Jumatatu kijana anarudi melini, na kwamba huko Tarime kuna binti mwingine ambaye babu yake hana mambo mengi.

Mzee Magesa alifika Alhamisi alasiri. Alikuwa mrefu, mkavu, wa maneno machache. Alisimama mlangoni mwa sebule akakitazama kigoda, kilichokuwa kimerudishwa kwenye kona yake, kwa muda wa kumenya ndizi na kuila. Hakufoka. Akasema, "Marcelina, nenda kamwangalie shangazi yako, amechoka na safari."

Walipobaki wawili, mzee akainama, akakipindua kigoda, akatazama chini.

"Mama Hyasinta."

"Abee, Baba."

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka namba, Baba."

Mzee akakigeuza tena. "Marcelina naye?"

"Hakuwahi. Alikuwa anawalilia mababu."

Mzee Magesa akavuta kiti cha mvule, akakaa ukingoni kama mgeni. Kwa desturi hakuwa akimtazama mkamwana usoni, na hakumtazama, aliuambia ukuta.

"Babu yangu alikuwa na kigoda. Hilo ni kweli, mtu asije akasema. Nilipokuwa Bama, katika Vita Kuu ya Pili, mchwa wakakila. Nilirudi nikakuta mguu mmoja na unga. Nikanyamaza. Mwaka wa hamsini na moja wakaja kumposa dada yangu, huyu huyu shangazi yenu. Nikaenda Bunda kwa fundi mmoja, Kudura. Akaniuliza, unataka kipya au unataka cha babu? Nikasema cha babu. Akasema, basi subiri wiki mbili."

"Alikuwa akiuza vya babu?"

"Alikuwa navyo wakati wote."

"Kumi na vitatu kabla yako, Baba."

Dafroza akajua amevuka mpaka, ulimi wake ulikuwa na tabia hiyo. Kisha akaona mabega ya mzee yanatikisika, na ikamchukua muda kuelewa kwamba anacheka.

"Wanzagi anakijua kigoda changu," mzee akasema alipomaliza. "Ameshakaa mbele yake mara tatu. Nikikalia kitu hiki, cheupe kama jino, ataniuliza kile kiko wapi. Nami nimedanganya mara moja kwa kigoda hiki. Umri huu sina nguvu ya kudanganya mara ya pili."

"Kudura alikitia weusi kwa kitu gani?"

"Masizi ya chungu, samli, na utomvu wa mgunga kidogo, ushike. Unapaka, unakiweka juu ya moshi, unasugua, unapaka tena. Kisha wiki mbili mtu akikalie. Kule kung'aa hakutokani na dawa, kunatokana na matako. Kudura alikuwa akiwanywesha wazee kahawa kila asubuhi, mradi wakae juu ya vigoda vyake mpaka adhuhuri."

"Sisi tuna siku moja na nusu."

"Ndiyo."

"Basi nitazidisha utomvu. Kitaalamu, utomvu ndio unaobeba rangi, kwa hiyo—"

"Mama Hyasinta," alisema mzee. "Utaalamu ndio uliotufikisha hapa."

Lakini hakuwa na njia nyingine, na yeye pia alijua.

Ijumaa nzima jikoni kwa Dafroza kulikuwa kama kwa mganga. Alikwangua masizi ya vyungu vyote, vya jirani navyo. Aliyeyusha samli. Utomvu wa mgunga aliuponda, akauloweka, akauchanganya, na pale Kudura alipotia kidogo yeye akatia kopo. Mzee hakuweza kuingia jikoni. Si mahali pake, na mkamwana alikuwa humo peke yake, Marcelina ametumwa shamba. Kwa hiyo alisimama nje, amegeuzia mlango mgongo, mikono nyuma, kama askari wa zamu, akatoa maagizo kwa mbuzi waliokuwa mbele yake.

"Kimekuwaje?"

"Kama kiatu kipya, Baba."

"Kiatu hapana. Zidisha moshi."

Baada ya muda, "Sasa?"

"Kama kiatu cha polisi."

"Punguza samli. Kule chini umepaka?"

"Nimepaka mara tatu. Hata Kudura mwenyewe asingejikuta."

Mzee akawakoholea mbuzi kwa kuridhika.

Jumamosi asubuhi Dafroza alikigusa kwa kidole. Kikavu. Alikisugua kwa gunia kuukuu, kikang'aa weusi mzito, wenye kina, na alipokirudisha kwenye kona yake Marcelina aliingia, akasimama, akashika kinywa.

"Amerudi."

"Nani?"

"Babu."

"Alikuwa ametoka kidogo," alisema Dafroza.

Wageni waliingia saa tano: Mzee Wanzagi na bakora yake, wazee wengine watatu, na Pastory, amekaa nyuma kama anayesubiri kung'olewa jino. Mume wake Dafroza, Renatus, alikuwa amefika na basi la asubuhi kutoka Musoma, hajui lolote, na walimwacha hivyo hivyo. Mzee Magesa akatokea amevaa suruali mpya ya rangi ya maziwa, mojawapo ya zile za mitumba zilizokuwa zimeanza kuja, ya marehemu fulani wa Ulaya aliyekuwa na miguu mirefu kama yake. Akakaa. Mzee Wanzagi akakitazama kigoda, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema kitu juu ya vitu vya kale visivyopatikana tena siku hizi.

Mazungumzo yakaenda. Bati likapata moto, sebule ikawa kama tanuri la mikate, na kufikia saa saba ng'ombe walikuwa wamefika kumi na wawili, wote wazima, wote wa kutembea wenyewe. Mzee Magesa akasema hiyo ni heshima ya kutosha. Wazee wakaguna kukubali. Ilibaki ainuke.

Dafroza alikuwa mlangoni, anapeleka maji ya kunawa. Alimwona mzee ananyanyuka kidogo, kiasi cha kidole. Na aliona miguu mitatu ya kigoda ikinyanyuka pamoja naye.

Mzee akakaa tena.

Utomvu uliozidi, jasho, joto la saa mbili. Dafroza alilielewa jambo zima katika nafasi ya pumzi moja, kama swali la mtihani ambalo jibu lake unalikumbuka ukishatoka chumbani.

Wazee wa Kiabakari walitazamana. Wakainamiana, wakanong'ona. "Tunaongeza mmoja," alisema Mzee Wanzagi. "Awe kumi na watatu."

Mzee Magesa akatazama mbele. Hakuinuka.

"Magesa ni mgumu," akanong'ona mmoja wao.

"Kumi na wanne," alisema Mzee Wanzagi, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Na huyo wa mwisho namtoa mimi, katika zizi langu."

Jasho lilimshuka Mzee Magesa kwenye mashavu. Renatus alimwinamia, "Baba, inatosha, au siyo?" Mzee akasema huku amebana meno, "Inatosha." Hakuinuka. Nyuma kabisa, Pastory alikuwa akiangalia sakafu, na katika dirisha la chumba cha ndani Dafroza aliona jicho moja la Hyasinta, na halikuwa likicheka.

Mzee Wanzagi akaichukua bakora yake. "Magesa, sasa sijui unataka nini. Tukuletee na ziwa? Mdomo unasema inatosha, mwili unasema bado. Sisi tumeshazoea kudharauliwa lakini si kwa kupanga miadi." Wazee wake wakaanza kukusanya kofia.

Hapo Mzee Magesa akageuza kichwa akamtazama mkamwana wake usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini.

Dafroza akaweka beseni chini. Aliingia chumbani, akavuta shuka jipya ambalo shangazi alikuwa amepewa, lenye maua, bado lina alama za mikunjo, akarudi sebuleni akapiga magoti mbele ya wanaume wote.

"Baba zangu, naomba radhi, kosa ni langu. Nimechelewa. Katika ukoo huu mzee hainuki kumtoa mtoto wa kike mpaka mkamwana amfunike. Amekaa anangoja shuka, nami niko jikoni na mambo ya mboga."

Renatus alifungua kinywa. Dafroza akamtazama, akakifunga.

"Ndicho nilichokuwa nangoja," alisema Mzee Magesa.

Dafroza alilizungusha shuka kiunoni kwa mzee, taratibu, kwa heshima kubwa, akalikunja mbele, akalishusha nyuma mpaka likafunika kigoda chote. Kisha, mkono mmoja ukiwa chini ya maua, akashika mguu wa kigoda.

"Sasa, Baba," akasema.

Mzee akainuka. Dafroza akavuta. Ikasikika sauti ndefu ya nguo inayoaga, na Marcelina, ambaye hakujua kitu ila alikuwa na masikio, akapiga kigelegele juu yake, na wanawake wote wa uani wakaitikia. Mzee Magesa alisimama wima katika maua yake kama mtu aliyetawazwa, akanyoosha mkono.

"Wanzagi. Hao wawili wa juu warudishe zizini. Sikuwaomba. Tuliagana kumi na wawili, na kumi na wawili ndilo neno langu."

Mzee Wanzagi aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili, na uso wake wote ukabadilika. Alikuja kusema baadaye, kila alipopata wasikilizaji, kwamba hajawahi kuona mzee mwenye subira kama ile, akae katika joto lile, akatae ng'ombe wa nyongeza, kwa sababu tu mila haijatimia.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka na Hyasinta akiwa bado anaimba uani, Dafroza alikiendea kigoda. Kipande cha suruali ya marehemu wa Ulaya, ukubwa wa sahani, kilikuwa kimeganda juu yake. Akakitafutia kisu.

"Kiache," alisema mzee kutoka kwenye kiti cha mvule, akiuambia ukuta. Alikuwa bado katika shuka. "Kitang'oka chenyewe. Wewe kaa mbali na kile kitu."

"Ndiyo, Baba."

"Na shuka limenikaa vizuri?"

"Vizuri sana, Baba."

Marcelina akamfuata jikoni. "Wifi, hiyo mila ya shuka, mbona mimi nimezaliwa humu na sijawahi kuiona?"

"Wewe kila mara uko shamba," alisema Dafroza, akamkabidhi sufuria za kuosha.

Miaka miwili baadaye Dafroza alialikwa kwenye posa ya jirani, pale Kigera. Mambo yalienda vizuri, wazee wakakubaliana, na babu wa binti akashika mikono ya kiti ainuke. Mama mmoja mnene wa upande wa kuposa, mtu wa Kiabakari, akaruka kutoka kwenye mkeka.

"Baba, kaa kwanza, kaa." Akawageukia wenyeji, amekasirika kweli. "Nyie watu wa mjini mmekuwaje? Mnamwachaje mzee ainuke hivihivi, kama anatoka kunywa chai? Hamna mkamwana humu? Shuka liko wapi?"

Wenyeji wakatazamana kwa aibu. Macho yakahama kwa Dafroza, kwa sababu ndiye mwalimu, na mwalimu anatakiwa kujua.

Dafroza akainuka, akaenda chumbani kuwatafutia shuka.